Kifuu, mifupa na kokwa: takataka zilizosafisha maji ya wenye sauti

Leo naomba tuzungumze kuhusu kifuu. Ndiyo, kifuu cha nazi. Kile ambacho mama akishamaliza kukuna nazi kwenye mbuzi anakitupa jalalani, au akikumbuka anakiweka pembeni kwa ajili ya kukoleza jiko. Wazee wa Pwani walikiheshimu kuliko sisi. Walikichonga wakapata upawa wa kupakulia mchuzi na kata ya kuchotea maji mtungini. Siku hizi tuna vikombe vya plastiki, kifuu kimebaki takataka.

Takataka hiyo hiyo ikichomwa kwa namna fulani inakuwa bidhaa inayosafirishwa kwa makontena duniani kote. Inasafisha maji ya kunywa, inasafisha majitaka ya viwandani, inachuja hewa, hata dhahabu inanasa. Wataalamu wanaiita mkaa amilifu, yaani mkaa ulioamshwa. Na kifuu hakiko peke yake katika ukoo huu. Wamo mifupa ya ng'ombe, kokwa za matunda, pumba za mpunga, maganda ya karanga, mabaki ya miwa. Karibu kila kitu ambacho mkulima na mpishi wanatupa kimewahi kujaribiwa mahali fulani.

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya mkaa huu kwa muda, na kuna jambo moja linajirudia. Sayansi yake ni ya zamani. Lakini kila mara takataka ilipogeuzwa kuwa dawa ya maji, nyuma yake alikuwepo mtu mwenye fedha au mwenye sauti aliyekerwa na uchafu. Mara mwenye kiwanda cha sukari, mara jeshi, mara muuza nyama, mara mwenye mgodi. Uchafu uliomgusa asiye na sauti ulisubiri foleni. Tuitazame historia hiyo kwa mfuatano wake, halafu mniambie kama nazidisha chumvi.

MFAMASIA WA ST. PETERSBURG

Kwamba mkaa unaondoa harufu, watu walijua zamani sana. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakiunguza mapipa yao upande wa ndani ili maji yasinuke upesi katika safari ndefu. Kwa nini ilikuwa hivyo, hawakujua. Mwaka 1773 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alianza kupima kiasi cha gesi ambacho mkaa unaweza kukimeza. Hapo ndipo jambo la mapipa likaingia maabara.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1785, kulikuwa na mfamasia mmoja huko St. Petersburg, Urusi, aliyeitwa Tobias Lowitz. Alizaliwa Ujerumani. Baba yake, mtaalamu wa nyota, aliuawa na waasi wa Pugachev mwaka 1774, na kijana akaishia kufanya kazi kwenye famasia ya kifalme. Lowitz alikuwa akihangaika na asidi ya tartari, ile inayotokana na mashapo ya mvinyo. Alitaka fuwele nyeupe, lakini kila akiichemsha inageuka kahawia. Akagundua kwamba akitia unga wa mkaa, rangi ile inatoweka. Akili ya utafiti ikamwasha. Akajaribu kwenye asali, kwenye pombe ya nafaka, kwenye maji yaliyooza. Kote mkaa ukafanya kazi yake. Akawa anapendekeza utumike kusafishia maji ya kunywa ya mabaharia.

Kwa hiyo tangu karne ya 18 ilishajulikana kwamba mkaa unasafisha maji machafu. Mtu angetegemea miji ya Ulaya, iliyokuwa ikinywa maji ya mito iliyojaa vinyesi, ikimbilie ugunduzi huu. Haikukimbilia. Aliyekimbilia alikuwa mfanyabiashara wa sukari.

SUKARI NYEUPE, MIFUPA MEUSI

Sukari ya wakati huo ilitoka kwa wingi kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani, na waliolima walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Ilifika Ulaya ikiwa ya kahawia. Tajiri wa London na Paris aliitaka nyeupe, na alikuwa tayari kulipia weupe huo. Mwaka 1794 kiwanda cha sukari nchini Uingereza kilianza kutumia mkaa wa kuni kuondoa rangi. Mwaka 1811 mfamasia wa Montpellier, Ufaransa, jina lake Figuier, akaonyesha kwamba mkaa wa mifupa unafanya kazi hiyo vizuri kuliko mkaa wa kuni.

Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Ulaya ilikuwa kwenye vita vya Napoleon, sukari ya Karibiani haifiki kirahisi, na Wafaransa walikuwa wanahangaika kutengeneza sukari kutoka kwenye viazisukari. Mifupa kutoka machinjioni, ambayo awali ilikuwa kero, ikawa bidhaa inayotafutwa. Ilichomwa ndani ya vyombo vilivyofungwa ili isipate hewa, ikasagwa, na shira ya sukari ikapitishwa juu yake.

Viwanda vya sukari ndivyo pia vilivyotufundisha jambo ambalo hadi leo linabeba biashara nzima ya mkaa huu. Mkaa unachoka. Ukishashiba uchafu hauchukui tena. Lakini ukiurudisha kwenye tanuri, uchafu unaungua na mkaa unaanza kazi upya. Bila hilo, gharama ingemshinda hata tajiri wa sukari.

UWANJA WA MPIRA NDANI YA KIJIKO

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu namna mkaa unavyofanya kazi, kwa sababu wengi tunadhani unachuja kama kitambaa cha kuchujia tui. Sivyo. Kitambaa kinazuia kitu kikubwa kisipite kwenye tundu dogo. Mkaa amilifu unanasa vitu vidogo kiasi kwamba vimeyeyuka kabisa ndani ya maji: rangi, harufu, mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Vitu hivyo vikipita karibu na ukuta wa mkaa vinanata hapo na kubaki. Kwa hiyo cha maana ni ukuta. Kadiri kuta zinavyokuwa nyingi, ndivyo uchafu unavyopata mahali pa kunata.

Na kuta ni nyingi mno. Gramu moja ya mkaa mzuri wa vifuu ina eneo la ndani la kama mita za mraba 1,000, ukihesabu kuta zote za vitundu vyake. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Piga hesabu mwenyewe: gramu saba tu, yaani kijiko kimoja kikubwa, zinatosha kupata uwanja mzima wa mpira.

Vitundu hivyo havipatikani kwa kuchoma tu kama anavyochoma mchoma mkaa wa porini. Kuna moto wa aina mbili. Wa kwanza ni wa nyuzijoto 400 hadi 600 hivi, bila hewa, na kifuu kinakuwa mkaa wa kawaida. Wa pili ni mkali zaidi, nyuzijoto 800 hadi 1,000, na hapo unapitishwa mvuke wa maji. Mvuke unaitafuna kaboni kutoka ndani na kufungua vitundu. Ndiyo maana nikasema mkaa ulioamshwa. Njia hii, pamoja na nyingine ya kuloweka malighafi kwenye kemikali kabla ya kuchoma, ilipewa hataza mwaka 1900 na 1901 kwa jina la Raphael von Ostrejko. Viwanda vya kwanza vya Ulaya vikafuata miaka michache baadaye, vingi vikiwa vinatumia mbao na mboji, na soko lao la kwanza likiwa lile lile la sukari.

Kifuu kina bahati ya maumbile. Ni kigumu, kizito kwa udogo wake, na vitundu vyake vinakuwa vyembamba sana. Mkaa wake haupondeki kirahisi. Lakini angalizo kwa wale walioanza kuwaza biashara: marundo ya madafu pale kando ya barabara za Dar si mali hii. Kifuu cha dafu bado ni laini. Kinachotakiwa ni kifuu cha nazi iliyokomaa. Na hesabu yake si ndogo. Tani tatu hivi za vifuu zinatoa tani moja ya mkaa, na tani tatu hivi za mkaa zinatoa tani moja ya mkaa amilifu. Yaani tani tisa za takataka kwa tani moja ya dawa.

VITA VINAITA KOKWA

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini ikapeperuka kuelekea kwenye mahandaki ya adui. Ghafla suala la mkaa likawa suala la kufa na kupona. Mwaka huo huo mkemia wa Urusi, Nikolay Zelinsky, akatengeneza barakoa ya kujikinga na gesi yenye mkaa ndani yake.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wakemia wake walipima malighafi nyingi wakaona mkaa wa vifuu vya nazi ndio bora kuliko yote. Tatizo likawa vifuu. Marekani hailimi nazi kwa wingi. Mwaka 1918 wananchi wakahimizwa kula nazi zaidi, na pia kukusanya kokwa za mapichi na matunda mengine pamoja na maganda magumu ya karanga za miti. Yaliwekwa mapipa mitaani na kwenye maduka, Msalaba Mwekundu na vijana wa skauti wakapita kukusanya. Matangazo ya wakati huo yaliwaambia watu kwamba kokwa 200 za mapichi zinatosha barakoa ya askari mmoja.

Hebu fikiria nchi nzima inakusanya kokwa. Watoto wa shule, mama wa nyumbani, wenye hoteli. Hakuna aliyesema takataka ni uchafu wa watu wa chini. Serikali ikishaamua kwamba kitu fulani kinahitajika, aibu ya kuokota inaisha siku hiyo hiyo. Mimi hili limenigusa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kutenganisha taka ni jambo ambalo wananchi hawaliwezi.

Vita vilipokwisha, viwanda vya mkaa amilifu vilibaki na ujuzi mkubwa na soko dogo. Vikaanza kutafuta kazi nyingine.

NYAMA YA CHICAGO YAONJA DAWA

Kazi hiyo ikapatikana kwenye maji. Tangu mwaka 1908, mji wa Jersey City ulipoanza kutia klorini kwenye maji yake mfululizo, miji ya Marekani iliiga mmoja baada ya mwingine, na homa ya matumbo ikapungua sana. Lakini klorini ikikutana na fenoli, ambayo ni taka ya viwanda vya makaa ya mawe na gesi, hutokea kitu chenye ladha kama ya dawa ya hospitali. Kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu maji ya mji mzima.

Chicago ilikumbwa na tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1920. Wananchi walilalamika. Lakini waliochukua hatua mapema walikuwa wasindikaji nyama, kwa sababu nyama yao ilikuwa inapata ladha mbaya na wateja wanakimbia. Mwaka 1928 wakaanza kutumia mkaa amilifu kwenye maji yao. Mtaalamu wa maji wa jiji hilo, John R. Baylis, alikuwa miongoni mwa walioufanyia mkaa huu utafiti wa kina. Mwaka 1930 mtambo wa New Milford, jimbo la New Jersey, ukaanza kutia unga wa mkaa kwenye maji ya kunywa ya watu, na njia hiyo ikaenea kwa haraka kwenye mitambo mingine ya Marekani.

Mmeona mfuatano? Kwanza sukari, kisha mapafu ya askari, kisha nyama, halafu ndiyo maji ya kunywa. Majitaka yenyewe, yale yanayotoka chooni na viwandani, yalisubiri hadi miaka ya 1960. Mwaka 1965 mji wa South Lake Tahoe, California, ulianza kupitisha majitaka yake kwenye mkaa amilifu baada ya hatua za kawaida za kuyasafisha. Sababu? Ziwa Tahoe lina maji ya kuonekana hadi chini, na mji ule unaishi kwa watalii. Safari hii mkaa wenyewe haukuwa wa vifuu bali wa makaa ya mawe, maana Marekani ilikuwa nayo tele. Niliseme hilo wazi: hadi leo sehemu kubwa ya mkaa amilifu duniani hutokana na makaa ya mawe na kuni. Kifuu kina sehemu yake, si yote.

WINDHOEK, 1968

Sasa tuje Afrika, maana hapa wengi wetu hatuna habari. Mji wa kwanza duniani kuchukua majitaka ya nyumbani, kuyasafisha na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba ya maji ya kunywa haukuwa Ulaya wala Marekani. Ni Windhoek, Namibia, mwaka 1968, kwenye mtambo wa Goreangab. Mji ule uko kwenye nchi kame, mito yake haina maji mwaka mzima, na mabwawa hayatoshi. Mkaa amilifu ni hatua mojawapo muhimu katika mtambo huo. Mtambo mpya uliofunguliwa mwaka 2002 una uwezo wa kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku, na maji hayo, yakichanganywa na ya mabwawa, ni kama robo ya maji ya mji.

Ni fahari ya Afrika, na nataka tuione hivyo. Lakini mwaka ule ule wa 1968, utawala wa Afrika Kusini uliokuwa ukiikalia Namibia ulikamilisha kufunga mtaa wa zamani wa Waafrika wa Windhoek, wakazi wake wakiwa wamehamishiwa Katutura. Upinzani dhidi ya uhamisho huo ulisababisha watu kupigwa risasi na kufa tarehe 10 Desemba 1959. Utawala ulioweza kugeuza maji ya chooni kuwa maji ya kunywa haukuweza kumtendea mtu mweusi kama mwenye mji. Teknolojia haikuwa na kosa. Ila mnaona kwamba ujuzi wa kusafisha maji na nia ya kumtendea haki mnywaji ni vitu viwili tofauti.

KABONI YA GEITA

Ukimtajia mkaa amilifu mkazi wa Kariakoo anaweza asikuelewe. Mtajie mchimbaji wa Geita neno "kaboni" atakueleza kwa kirefu. Mwaka 1973 mgodi wa Homestake, South Dakota, ulionyesha kwa kiwango kikubwa kwamba dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanidi inaweza kunaswa na punje za mkaa amilifu. Tangu hapo migodi ya dunia ikageukia njia hiyo, na mkaa unaopendwa zaidi ni wa vifuu vya nazi kwa sababu ya ugumu wake. Kanda ya Ziwa, migodi mikubwa inautumia, na wenye mitambo ya kuchenjulia marudio ya wachimbaji wadogo wanautumia pia.

Kaboni hiyo kwa sehemu kubwa inaagizwa kutoka nje. Sri Lanka, India, Ufilipino na Indonesia ndizo zilizojenga viwanda vya vifuu. Kampuni ya Haycarb ya Sri Lanka, kwa mfano, iko kwenye kazi hii tangu mwaka 1973. Nchi yetu ina minazi kutoka Tanga hadi Mtwara, ina Mafia, ina Unguja na Pemba. Tulianzisha mradi wa taifa wa kuendeleza minazi mwaka 1979, na kituo cha utafiti cha Mikocheni kilitokana na mradi huo. Nazi tunazo. Vifuu tunawashia moto, halafu tunanunua vifuu vya wenzetu vilivyochomwa mara mbili.

MIFUPA YA NGURDOTO

Isionekane kwamba sisi hatujawahi kufanya lolote. Chini ya Mlima Meru, maji ya chemchemi nyingi yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Inatia meno rangi ya kahawia, na kwa anayeyanywa kwa wingi tangu utotoni inaweza kupinda mifupa. Wengi tumekua tukiwatania wenzetu wa Arusha kuhusu meno, bila kujua kwamba tunatania ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu lau tungefuata kile kidogo, vijiji vingi vingebaki bila chanzo chochote kinachokubalika kisheria.

Hayo si majitaka, ni maji ya chemchemi, lakini dawa yake ilitoka jalalani. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Denmark waliufanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule ule wa viwanda vya sukari vya karne ya 19. Hapa si vitundu vinavyofanya kazi kubwa bali madini ya mfupa wenyewe, ambayo yanaikamata floraidi. Joto likizidi, mfupa unapoteza nguvu. Likipungua, maji yananuka. Ukipatia, ndoo ya nyumbani yenye mkaa wa mifupa inatoa maji salama. Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru nalo lilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Njia inafanya kazi. Kwa nini basi haikuingia kila nyumba yenye shida hiyo? Kwa sababu mkaa unachoka, na mama wa kijijini hana kipimo cha kumwambia lini umechoka. Lazima awepo mtu wa kupima, wa kuleta mkaa mpya, wa kuurudisha wa zamani tanuruni, na wa kulipia. Kiwanda cha sukari kilikuwa na mtu huyo. Mgodi unaye. Kijiji hakina.

Niliwahi kupeleka wazo la habari kama hii kwenye chumba cha habari. Mhariri mmoja akanijibu kwamba takataka haiuzi gazeti. Simlaumu sana, anajua soko lake. Lakini nikafikiri: laiti maji yenye floraidi yangekuwa yanatoka kwenye mabomba ya wanaonunua gazeti, ingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza wiki nzima.

TUSIDANGANYANE

Nisije nikaonekana nauza mkaa. Mkaa amilifu hautegemewi kuua vijidudu. Hauondoi chumvi. Maji ya kisima cha Dar yenye chumvi ukiyapitisha kwenye vifuu yatatoka na chumvi yake. Majitaka ya chooni hayaanzii kwenye mkaa hata kidogo. Yanaanzia kwenye mabwawa au mitambo ambamo bakteria wanakula uchafu mwingi kwanza, na mkaa unakuja mwishoni kumalizia vilivyobaki. Ukiutanguliza utashiba kwa siku chache na fedha yako imeliwa.

Jambo lingine ni tafiti. Vyuo vikuu vya Afrika na Asia vimetoa machapisho mengi mno kuhusu maganda ya ndizi, pumba za mpunga, makapi ya kahawa na mashudu ya mlonge. Kazi nyingi hufanywa kwa maji safi ya maabara yaliyotiwa rangi moja au metali moja, na matokeo yanapendeza. Majitaka ya kweli yana rangi, mafuta, sabuni, chumvi na metali kwa pamoja, na vyote vinagombea kuta zile zile. Kutoka kwenye chupa ya maabara hadi mtambo wa mtaa kuna safari ndefu, na fedha za utafiti huisha katikati. Tena swali la nani atauchukua mkaa uliojaa risasi au kromi baada ya kazi halijibiwi mara nyingi. Ukiutupa mtoni umehamisha uchafu tu.

Lakini mlonge wenyewe unatukumbusha kwamba ujuzi haukuanzia maabara. Wanawake wa Sudan wanaoishi kando ya Nile walikuwa wakitia mbegu zake zilizopondwa kwenye maji ya tope ili tope litulie chini, kabla hajaja mtafiti yeyote kuwauliza. Baadaye watafiti walifanya majaribio hayo hayo kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi, na mbegu za mlonge zikaonekana kutuliza tope vizuri. Na mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta bado yana nguvu hiyo, kwa hiyo mkulima anaweza kuuza mafuta kwanza, kisha akauza na mashudu.

TUFANYEJE?

Vingunguti kuna machinjio, na kuna mabwawa ya majitaka, na Mto Msimbazi hauko mbali. Mifupa na maji machafu ni majirani pale. Pwani nzima kuna vifuu, na Kanda ya Ziwa kuna wanunuzi wa kaboni wenye fedha taslimu. Hata bila kusubiri mfadhili, soko la kwanza lipo: dhahabu. Tukijifunza kuchoma vifuu vyetu kwa ajili ya mchimbaji, tutakuwa na tanuri, mafundi na vipimo. Hapo kumuuzia mkaa mwenye kiwanda cha nguo kwa ajili ya rangi anazomwaga, au halmashauri kwa ajili ya maji ya kijiji, itakuwa hatua ya pili na si ndoto. Ndivyo Wazungu walivyofanya: sukari iliwalipia shule, maji yakafaidika baadaye.

Ila walichukua karibu miaka 180 kutoka kwa Lowitz hadi majitaka ya Tahoe, kwa sababu kila hatua ilimsubiri mwenye fedha akerwe. Sisi ujuzi tumeukuta tayari mezani. Hatuna sababu ya kuirudia foleni ile ile, ambapo maji ya mtoto wa Maji ya Chai yanakuwa ya mwisho baada ya sukari, vita, nyama na dhahabu. Kinachotakiwa ni watu wa kulisemea jambo hili mpaka limkere anayepanga bajeti. Wengi wetu tunaosoma hapa tumesoma, tuko mjini, na sauti tunazo.

Kwa hiyo nauliza. Kama Marekani ya mwaka 1918 iliweza kukusanya kokwa za mapichi mtaa kwa mtaa kwa ajili ya askari wake, sisi tunashindwa nini kukusanya vifuu na mifupa kwa ajili ya maji yetu wenyewe? Wenye majibu, hasa mainjinia wa maji na wakemia mlioko maofisini, karibuni mnifundishe.

Nawasilisha.